Karata Iliyobaki Mkononi

“Unajua belote?” Papa Philémon aliuliza, na Venant akajibu kwamba anajua.

Hakuwa anajua. Alikuwa amekuja Bagira kumwomba mkwe wake amrudishie mke, na njia nzima alitayarisha majibu ya maswali ambayo mzee angeweza kumwuliza: kwa nini Emérence aliondoka, kwa nini yeye alikawia kumfuata, kwa nini watoto walifika wamevaa viatu vya mvua. Swali la karata halikuwemo. Lilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mapajani, na mtu wa namna ya Venant akiulizwa na mkubwa wake kama anajua jambo fulani, mdomo husema ndiyo kabla kichwa hakijafika.

“Ni vizuri,” Papa Philémon akasema. “Tangu mwenzetu alikufa, meza yetu inakosa mutu wa ine. Kuja dimanche, misa ikiisha. Tutacheza, kisha tutaongea mambo ya Emérence.”

“Papa, mi nilizani tutaongea leo.”

“Dimanche.”

Mzee alikuwa mwuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache, na neno lake likishatoka halikurudi. Uani Emérence alikuwa akipepeta mchele. Venant alisikia ungo ukinyamaza kidogo, kana kwamba mwenye kuushika alikuwa anasikiliza, halafu ukaendelea. Mkewe hakutoka kumsalimu. Venant akaaga, akavaa kofia, akatoka kinyumenyume kama inavyotakiwa mbele ya mkwe, akajigonga kisigino kwenye kizingiti.

Sababu ya ugomvi ilikuwa cherehani, ingawa Venant mwenyewe aliamini kwamba hapakuwa na ugomvi. Kaka yake mkubwa, Edouard, alikuwa ameteremka kutoka Kabare kuja kutibiwa goti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mwenye goti bovu nani atampa jembe? Alichukua kwanza kiti cha Venant, kwa sababu kilikuwa na mikono. Baadaye akachukua kitanda cha Venant na Emérence, kwa sababu mkeka ulimwumiza, na wenye nyumba wakahamia sebuleni pamoja na watoto. Emérence alinyamaza. Alimpikia, akamchemshia maji ya kukanda goti, akafua mashuka yake.

Halafu Jumamosi moja Emérence alirudi kutoka salongo, kazi ya lazima ya umma, matope hadi magotini kwa kuzibua mitaro ya serikali, akakuta pale dirishani palipokuwa na cherehani pamebaki alama nne za miguu ya meza. Edouard alikuwa amempa mpwa mmoja aibebe hadi Kabare, zawadi kwa binti yake aliyeolewa karibuni.

“Ilikuwa inakaa bure,” Edouard alieleza.

Haikuwa inakaa bure. Nusu ya mtaa wao wa Kadutu ilivaa mishono ya cherehani ile. Lakini Emérence hakumjibu shemeji yake. Alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama pale pale, akasema, “Muongeleshe.”

Venant alitazama sakafu. Alitazama goti la kaka yake. Mwisho akasema, “Kaka amesha fanya.”

Emérence akawachukua watoto wawili, akaenda kwa baba yake. Yote hayo Venant aliyaona kwa macho yake, na bado hakuelewa. Hakuwa amempiga. Hakuwa amemtukana. Alikuwa amemheshimu kaka yake tu, na tangu lini heshima inamfukuza mwanamke nyumbani?

*

Floribert alifundisha darasa la tano, Venant la nne, ukuta mmoja kati yao. Shuleni waliitana raia, citoyen Bahati na citoyen Mugisho, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Nje ya lango walibaki Floribert na Venant. Venant alipomweleza taabu yake, Floribert alicheka hadi akaweka chaki chini.

“Kwa hiyo uliongopa.”

“Sikuongopa. Nilijibu mbio.”

“Kuja kwangu leo jioni. Belote ni kitu ya rahisi.”

Floribert alikuwa mwalimu hodari wa sarufi, lakini karata alizifundisha vibaya mno. Alianzia mwishoni. Alieleza jinsi ya kuhesabu pointi kabla hajaeleza pointi zinatoka wapi. Mke wake, Sophie, alikaa nao mezani kushika karata za mtu wa tatu, na karata za mtu wa nne zililala wazi mbele ya kiti kitupu, na kila zamu ya kiti ilipofika Floribert na Sophie walibishana kiti kingecheza nini.

“Tunaanza tena,” Floribert akasema. “Kuko rangi ine. Moja tunaichagua, inakuwa atout. Atout ndiyo inatawala. Sawa?”

“Sawa.”

“Mu rangi zingine, as, ile ya alama moja, ndiyo mukubwa. Kisha kumi. Kisha mufalme, bibi yake, na valet.”

“Kumi inapita mufalme?”

“Inapita. Sasa mu atout, ni valet ndiye mukubwa wa bote.”

Venant akaweka karata chini. “Valet ni boyi.”

“Ni boyi.”

“Boyi wa mufalme anamupiga mufalme?”

Floribert akatupa jicho mlangoni. Sophie aliinuka bila haraka, akaufunga, akarudi kukaa. Zilikuwa siku ambazo swali la namna hiyo, likisikiwa na sikio baya, lingeweza kuelezwa kwa namna nyingine.

“Ni karata, Venant. Sema polepole. Valet ya atout inapiga bote. Wa pili ni tisa.”

“Tisa? Ile ambayo mu rangi zingine haina kitu?”

“Ile ile.”

“Juu ya nini?” Venant akataka sababu.

“Hakuna juu ya nini. Ni sheria.”

Venant alishika kichwa. Alikuwa mtu wa kuheshimu utaratibu. Darasani aliwapanga watoto kwa urefu, na nyumbani hakuwahi kuanza kula kabla kaka yake hajanawa. Sasa alikuwa anaingizwa katika nchi ambayo kumi yuko juu ya mfalme, na mtumishi akibadilishiwa rangi anakuwa mkubwa wa wote, na kesho rangi nyingine ikichaguliwa anarudi kuwa si kitu. Kila jioni alielewa, na kila asubuhi alipiga mswaki akakuta hakuelewa.

Floribert hakuchoka. Alimweleza kwamba wanacheza wawili kwa wawili, wanaokaa kuelekeana ndio wenzi, na kwamba wenzi hawaruhusiwi kuambiana neno. Alimweleza kwamba lazima ufuate rangi iliyoanzishwa. Na alimweleza jambo ambalo alilirudia mara nyingi, akigonga meza kwa kidole.

“Mu atout, kama uko na ya kupita ile iko mezani, unaipitisha. Ni lazima. Hauna ruhusa ya kuificha.”

“Hata kama sitaki?”

“Hata kama hautaki.”

“Na kama ile ya mezani ni ya muzee?”

“Muzee gani?”

“Muzee yeyote.”

“Karata haijue muzee,” Floribert akasema.

Venant akatikisa kichwa kukubali. Sophie alimtazama anavyotikisa, akajiuliza kama mumewe naye aliona alichoona yeye. Kichwa kile kilikuwa kinakubali kwa adabu tu.

“Na Edouard?” Sophie akauliza. “Bibi yako akirudi, atamukuta bado mu kitanda chake?”

“Ule ni kaka, maman Sophie.”

“Mi siulize kama ni kaka. Ninauliza kitanda.”

Venant akazikusanya karata, akazipanga vizuri, akazigonga mezani ziwe sawa. Floribert akaanza tena habari ya pointi.

*

Jumapili Venant alivaa abacost yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, akapanda kamyoneti hadi Bagira akiwa na chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, iliyofungwa kwa jani la mgomba. Kitu cha kwanza alichokiona alipoingia kwa mkwe wake kilikuwa sanduku la Emérence, limefungwa kwa kamba, limesimama karibu na mlango. Alidhani Emérence anapelekwa mbali, labda kwa shangazi yake kule Lwiro, mahali ambapo yeye asingeweza kumfuata kila wiki.

Papa Philémon alikuwa amevuta pazia. Alifanya hivyo kila Jumapili, kwa sababu Jumapili alivaa tai, na serikali ilikuwa imekataza tai. Ilikuwa tai ya rangi ya kahawia ya siku za kazi yake, na mzee alisema belote haichezwi shingo wazi. Mezani alikaa tayari Camille, seremala mzee wa nyumba ya pili, akichanganya karata kwa vidole vilivyokatika kucha. Viti viwili vilikuwa vitupu.

“Kaa hapa,” Papa Philémon akamwonyesha Venant. “Utacheza na Camille.”

“Na wewe, papa, utacheza na nani?”

Emérence akatoka chumbani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Alivuta kiti kilichoelekea cha baba yake, akakaa, akanyosha mkono apewe karata.

“Bonjour, Venant,” akasema.

“Unajua belote?”

“Tangu mutoto. Maman alikufa, papa akakosa wa kucheza naye.”

“Haukuniambiaka.”

“Haukuniulizaka.”

Venant alijaribu kukumbuka kama ni kweli. Walikuwa wameoana miaka saba, na alijua mkewe anapenda mboga gani na mshono gani humwumiza macho, lakini hili hakulijua. Likamvuruga zaidi ya sanduku. Hakuwa amejiandaa kucheza kinyume cha mkewe. Alikuwa amejiandaa kwa mkwe tu, na hata huyo kwa shida.

Camille akagawa. Karata ya kugeuzwa ilikuwa tisa ya cœur, ile nyekundu yenye mioyo. Papa Philémon akaichukua bila kufikiri: cœur ikawa atout. Camille akamaliza kugawa, na Venant akazifungua zake moja moja. Alikuwa na cœur mbili. Moja ilikuwa saba, ndogo kuliko zote. Ya pili ilikuwa valet.

Alimtazama yule kijana mwenye kofia ya manyoya kwenye karata. Mkubwa wa wote alikuwa mkononi mwake.

Papa Philémon alikuwa mchezaji wa kiburi. Akishika tisa ya atout bila valet, wengine wangeificha hadi mwisho. Yeye alipenda kuitoa mwanzoni, valet ajitokeze mahali alipo, na mzee ajue adui yake ni nani. Akaipiga mezani. Zamu ilikuwa ya Venant.

Sheria aliijua. Alimsikia Floribert akigonga kidole. Lakini mbele yake alikuwa ameketi baba wa mke wake, katika nyumba yake, amevaa tai yake, na mkono wa Venant ulikataa kabisa. Tangu utoto wake, mkwe hakanyagwi kivuli, hatajwi jina, hapitwi njiani. Sasa ampige na boyi, mbele ya binti yake, siku aliyokuja kuomba? Venant akaweka saba.

Emérence akaweka bibi. Camille akaweka nane.

Karata zote zilikuwa zimegawiwa, hakuna iliyobaki pembeni. Kila mmoja alikuwa ameweka cœur, na valet hakutoka. Papa Philémon aliyatazama yale makaratasi manne, akawatazama watatu, akazikusanya zote nne polepole. Kisha akaweka as ya cœur.

Venant alikuwa amebaki na cœur moja tu, na ilikuwa ile. Akaweka saba ya pique, ile nyeusi ya mkuki.

“Hauna cœur tena?” Camille akamwuliza.

“Sina, papa Camille.”

Emérence akainua macho. Alimtazama mumewe, na Venant akamtabasamia kidogo, kwa sababu alidhani ameanza kuona jinsi anavyomheshimu baba yake. Mchezo ukaendelea. Camille, mwenzi wake, alicheza akitazama dirishani, ingawa pazia lilikuwa limefungwa. Venant aliona mambo yanakwenda vizuri. Mzee alikuwa anashinda, na mzee anayeshinda hutoa binti kwa moyo mweupe.

Tatizo ni kwamba karata huisha. Kila mmoja akabaki na moja, na Venant akagundua, akiwa amechelewa sana, kwamba hakuna tena mahali pa kuficha. Papa Philémon akaweka ya mwisho. Ilikuwa mfalme wa cœur.

Venant akaweka valet juu yake. Karata zile nne zilikuwa zake na za Camille, lakini Camille hakunyosha kidole kuzichukua.

“Ilikuwa kwako tangu mwanzo,” Camille akasema.

“Ndiyo, papa Camille.”

“Ulijua sheria?”

“Nilijua.”

“Sasa juu ya nini?”

“Siwezi kupiga beau-père mu nyumba yake,” Venant akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. “Ni heshima.”

“Na miye?” Camille akauliza. Hakuwa amekasirika, alikuwa na huzuni tu, mzee wa watu. “Mi nilikuwa mwenzako. Nilikaa hapa nikiwaza niko na mutu. Umeniacha peke yangu mezani, unamuchekea ule wa upande ingine.”

Emérence alikuwa amezilaza karata zilizokwisha kuchezwa, akizinyosha kwa kiganja kama anavyonyosha kitambaa kabla ya kukata.

“Papa,” akasema, “kila siku uliniuliza anakosa nini. Hapige, halewe, analeta mushahara. Nilikosa namna ya kukueleza. Ni hii.”

Papa Philémon hakuwa amemwelewa binti yake tangu alipofika. Habari ya cherehani aliiona ni mambo ya wanawake na mashemeji, na alikuwa amemkemea. Sasa aliitazama valet iliyolala juu ya mfalme wake, akalegeza tai.

“Ulipoingia uliona valise kwa mulango,” akamwambia Venant.

“Niliiona, papa.”

“Ni miye nilimuambia aifunge. Nilikuwa nimesha amua. Ucheze muzuri ao ucheze mubaya, ungetoka naye leo.”

Venant akashika meza. “Na sasa?”

“Sasa ataifungua.”

Hasira Venant angeielewa. Matusi angeyaelewa pia, angeinama yakapita. Alichoshindwa kukielewa ni kwamba alikuwa ameadhibiwa kwa sababu ya adabu. Akaaga. Emérence alimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza, na pale akasimama akitazama kamyoneti zinavyopita.

“Uko na hasira?” Venant akauliza.

“Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi,” Emérence akasema. “Rudi salama.”

*

Kesho yake, ukutani kati ya darasa la nne na la tano, Floribert alisikiliza habari yote akiwa ameshika paji la uso.

“Nilikuambia ao sikukuambia?”

“Uliniambia.”

“Ulielewa?”

“Nilielewa.”

“Sasa?”

“Nilizani sheria ile ni ya batu ya kulingana.”

Floribert alimpelekea Sophie maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Sophie akavuka kilima mwenyewe, mtoto mgongoni, akamkuta Venant nje ya nyumba yake anachuja maji ya kaka yake.

“Heshima yako ni mingi, monsieur Venant,” akamwambia. “Lakini unajua ni nani anailipa? Hapana weye. Kila siku anailipa ule wa karibu yako.”

Akaenda zake. Venant alibaki na sufuria mkononi. Ndani, Edouard alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, goti juu ya kigoda, na mahali pa cherehani palikuwa na alama zake nne. Venant aliingia. Maji yakamwagika kidogo kwenye mkeka.

“Angalia, unamwaga,” Edouard akasema.

“Kaka, mashini ya Emérence irudi.”

“Mashini gani?”

“Ile ulipeleka Kabare.”

Edouard akacheka, akaona ndugu yake hacheki. “Nilisha itoa. Kitu cha kutoa kinarudije? Unataka binti yangu apate haya kwa bakwe zake?”

Venant hakuwa amefikiria haya ya binti. Lilikuwa jambo la kweli, na likamchanganya. Alisimama nalo kwa muda, akitafuta ni karata gani inayopita ile, na hakuipata.

“Sijue,” akasema. “Lakini itarudi. Nitaifuata samedi. Na kitanda, kaka, tutakiomba.”

“Ni nani alikufundisha kuongea na mukubwa wako hivi? Ni ule mwanamuke?” Edouard alikuwa ameteremsha goti bila kulilia maumivu. “Heshima imeisha?”

“Heshima iko, kaka. Ni mashini ndiyo haiko.”

Hakukuwa na ushindi wowote. Edouard alikataa chakula jioni ile, na kesho akatuma ujumbe Kabare kwamba mdogo wake amemfukuza. Venant alilala sebuleni kama kawaida, akijiona mtu mbaya kabisa, asipate usingizi. Jumamosi aliomba ruhusa ya kukosa salongo kwa kusema uongo kwamba anaumwa, uongo ambao haukuwa mkubwa sana. Kule Kabare binti wa Edouard alimtolea cherehani akilia, bila kumtazama, meza na yote, na mama mkwe wa binti huyo akakohoa nyuma ya mlango. Venant aliiona haya ya binti kwa macho yake, akaibeba cherehani hivyo hivyo.

*

Jumapili aliitua kwenye uzio wa Papa Philémon, bega likiwa limechubuka. Hakutangulia kusalimu wala kueleza. Emérence alitoka, akazunguka cherehani, akageuza gurudumu, akainama.

“Sindano imevunjika.”

“Nitanunua.”

“Na Edouard?”

“Bado iko kwa nyumba.”

“Na kitanda?”

“Nilimuambia. Alikasirika. Sijue kama atatoka. Binti yake alilia, Emérence. Sijue kama nilifanya muzuri.”

Emérence alisubiri kama kuna lingine. Halikuwepo. Ndani, Papa Philémon alikuwa amekwisha vuta pazia na kufunga tai, na sauti yake ikatoka pamoja na harufu ya kasiksi.

“Tuko wane? Basi muingie, tucheze.”

Walikaa kama mara ya kwanza. Camille aliguna kidogo alipomwona mwenzi wake, lakini akachukua karata. Safari hii atout ilikuwa trèfle, ile nyeusi ya majani matatu, na Venant hakuwa nayo isipokuwa moja, saba, yenye kudharauliwa. Wakacheza. Venant alikosea mara mbili, Camille akafumba macho mara mbili, na Papa Philémon alianza kuimba chini kwa chini kwa raha.

Akaweka as ya pique, mkubwa wa rangi yake, akaisukuma katikati ya meza kwa kidole.

Venant hakuwa na pique. Alizitazama karata zake. Akamtazama mzee, akaitazama tai ya mzee, akahisi mkono unakataa tena, ule ule. Akaulazimisha. Saba ya trèfle ikaanguka juu ya as ya mkwe wake, imepinda kidogo kwa jasho.

Papa Philémon akaacha kuimba. Mzee hakupenda kukatwa, na hakuficha. “Eh, mukwe,” akasema kwa uchungu wa kweli, “ile as nilikuwa nimeitunza.”

“Samahani, papa,” Venant akasema, lakini karata hakuiondoa.

Emérence akaweka pique yake juu ya yote. Camille akaweka yake, akakusanya karata zote nne upande wao, safari hii kwa vidole vyote. Kisha Emérence akazilaza karata zilizombakia kifudifudi, akasimama, akawaita watoto uani wavae viatu.

“Unaenda wapi?” baba yake akauliza. “Hatujamaliza.”

“Valise bado iko na kamba yake, papa,” akasema. “Sikuifungua.”

Akaichukua mlangoni. Venant aliinuka mbio, akamgonga Camille kiwiko, akaenda kuinua cherehani kwa bega lile lile lililochubuka, bila kujua kama nyumba wanayorudi sasa ni yao au ya Edouard. Papa Philémon alibaki na karata zake mkononi, akimwuliza Camille sasa wa tatu na wa nne watatoka wapi.